Chumvi ya Mezani na Siri ya Elementi

Kila siku mama wa nyumbani hutia chumvi katika mchuzi, akaonja, akaridhika. Ni wachache wajuao kwamba chumvi hiyo imeundwa na vitu viwili ambavyo, kila kimoja peke yake, ni cha kuogopwa.

Cha kwanza ni sodiamu, madini laini yang'aayo kama fedha, yakatikayo kwa kisu. Ikikutana na maji hufoka na huweza kuwaka moto. Kwa hiyo wataalamu huihifadhi ndani ya mafuta. Cha pili ni klorini, hewa ya rangi ya kijani na manjano, iunguzayo macho na mapafu. Hewa hii ndiyo iliyotumiwa kuua askari vitani huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili, 1915. Lakini vikiungana viwili hivi, twapata chumvi tuilayo! Katika kila gramu 100 za chumvi safi mna gramu 39 hivi za sodiamu na 61 hivi za klorini.

Basi, elementi ni kitu asilia kisichoweza kugawanywa kwa njia za kemia kikatoa vitu vingine. Mfano wake ni dhahabu, chuma na oksijeni. Kampaundi ni kitu kipya kipatikanacho elementi mbili au zaidi zifungamanapo kwa kipimo maalumu. Si kama mchele na mchanga, ambavyo hata vikichanganyika kila kimoja hubaki na tabia yake.

Jina la elimu hii, kemia, limepitia katika Kiarabu, al-kimiya. Mwanachuoni Abu Bakr al-Razi, aliyefariki katika karne ya 10, alivigawa vitu katika mafungu matatu: vya madini, vya mimea na vya wanyama. Mwaka 1869 Mrusi Dmitri Mendeleev alizipanga elementi 63 zilizojulikana wakati huo katika jedwali, kwa kufuata uzito na tabia zake. Palipokosekana elementi ya kufaa aliacha nafasi wazi, akaeleza itakavyokuwa. Wengi walistaajabu mwaka 1875 ilipovumbuliwa galiamu, ikaijaza nafasi mojawapo. Leo elementi zijulikanazo ni 118, nazo hupangwa kwa hesabu ya protoni zilizomo katika kiini cha atomu.

Je, elimu hii yatufaa nini nyumbani? Yatufaa sana. Dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, tuliyoizoea, kwa kawaida ni kampaundi yenye klorini ndani yake. Mtu akiichanganya na siki, ndimu, au dawa ya chooni yenye asidi, akidhani atapata usafi maradufu, klorini hufunguliwa kifungo chake ikatoka hewani, ile ile ya vitani. Katika choo kidogo kisicho na dirisha, hatari yake ni kubwa. Yakitokea hayo, toka upesi kwenye hewa safi, watoe na watoto, na mwenye kukohoa au kubanwa kifua apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Enyi vijana, someni kemia, kisha mwelezeni mama na dada zenu hayo mliyoyasoma. Elimu ibakiayo daftarini haimwokoi mtu. Ile ifikayo jikoni na chooni huweza kuokoa nyumba nzima.