Ukikoroma na usingizi hauji, mwambie daktari yote mawili

Msikilizaji, kuna anayekoroma, pumzi ikakatika sekunde 10 au zaidi, kisha akashtuka. Nyumbani tunasema jinamizi; kumbe njia ya hewa kooni imeziba. Tiba yake kubwa ni mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku kucha. Akiwa pia hapati usingizi, barakoa humkera, anaivua saa nane usiku. Utafiti wa Australia wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa waliotibiwa kwanza kukosa usingizi, bila vidonge, waliivaa karibu saa moja zaidi kila usiku. Hospitalini nenda na mwenzi wako, ndiye anayesikia pumzi ikikatika. Na kwa baridi hii ya Ufipa, usitafute usingizi kwa pombe: hulegeza koo likazidi kuziba.