Kuziba Meno ya Utotoni: Somo la Kulinganisha Vitu

Mwanachuo atakayekwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za Kibaha au Kisarawe hatakawia kumwona mtoto wa darasa la pili aliyeshika shavu. Pengine atamsikia mzazi, au hata mwalimu mwenzake, akisema, "Hayo ni meno ya maziwa tu, yatang'oka yenyewe." Kauli hiyo hapana budi isahihishwe. Magego ya utotoni aghalabu hayang'oki mpaka mtoto afikie umri wa miaka 9 hadi 12. Aliye na miaka 6 bado anayahitaji ayatafunie muhogo, na yayashikie nafasi meno ya ukubwani yanayokuja chini yake. Aidha, gego la kwanza la ukubwani huota karibu na umri huohuo, nyuma ya magego ya utotoni, bila kurithi nafasi ya jino lolote. Wengi hulidhania kuwa la maziwa, likaachwa lioze.

Jino lililotoboka laweza kuzibwa. Kwa kitu gani? Swali hili linamfaa mwalimu wa Sayansi, kwa kuwa watoto hupenda kuuliza kipi bora bila kuuliza bora kwa kazi gani.

Kwa miaka mingi matabibu walitumia amalgamu, mchanganyiko wa zebaki na madini mengine. Mwezi Machi 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana isitumike katika meno ya utotoni, wala kwa wagonjwa walio chini ya umri wa miaka 15, isipokuwa tabibu aonapo ni lazima. Basi tulinganishe vitu viwili vilivyobaki mbele. Cha kwanza ni kompositi, yaani resini ya viwandani iliyotiwa chembechembe za glasi; msingi wake uliwekwa na Mmarekani Rafael Bowen, aliyepata hataza mwaka 1962. Cha pili ni glasi-ayonoma, saruji ya unga wa glasi uliokorogwa na asidi, iliyotangazwa na Wilson na Kent wa Uingereza mwaka 1972. Viko pia vya katikati, vyenye sifa za vyote viwili, lakini mwanafunzi akivielewa hivi viwili vingine havitamsumbua.

Kufundisha tofauti yao hakuhitaji maabara. Chukua vipande viwili vya mpira wa ndani wa baiskeli, msasa na gundi ya kuzibia pancha. Kimoja kikwaruze, kikaushe, upake gundi na kubandika kiraka. Kingine kiache kimelowa. Watoto wavute viraka wenyewe. Hivyo ndivyo resini ilivyo. Jino hupakwa asidi ili likwaruzike, likaoshwa, likakaushwa, likapakwa gundi; kisha resini hutiwa kwa tabaka zisizozidi takriban milimita 2, kila moja ikigandishwa kwa taa ya mwanga wa buluu. Mate yakiingia kati, kazi imeharibika. Sasa mfikirie mtoto wa miaka 5 anayelia, na umeme uliokatika!

Glasi-ayonoma ifananishe na plasta. Mwashi hunyunyizia ukuta maji kabla ya kupiga plasta, wala haogopi unyevu kidogo. Saruji hii hushikamana na jino lenyewe kwa kemia, huganda bila taa, na hutoa floraidi. Mfano huu una mpaka wake, nao uelezwe: maji mengi mapema huidhuru, ndiyo maana tabibu huipaka vaselini na kumkataza mtoto kula kwa muda wa saa moja. Udhaifu wake ni kwamba huchakaa na kuvunjika upesi kuliko resini.

Ni fahari kueleza darasani kwamba mbinu ya kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono peke yake, bila mashine, ilianza katikati ya miaka ya 1980 hapa Tanzania, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Shirika la Afya Duniani liliitangaza tarehe 7 Aprili 1994. Hufanyika hata juu ya meza ya darasa, na glasi-ayonoma ndiyo inayotumika sana. Majumuisho ya tafiti ya mwaka 2018 yalionyesha kuwa katika meno ya utotoni yenye tundu la upande mmoja, yapata viziba 94 katika 100 vilikuwa bado vizima baada ya miaka 2. Tundu lililoenea pande mbili au zaidi, 65 tu. Tofauti hiyo ni kubwa. Katika tundu pana, resini iliyowekwa penye ukavu kamili, au kofia ya chuma ifunikayo gego zima, yafaa kufikiriwa.

Kwa zoezi la mwisho, andika ubaoni habari za watoto wawili. Mmoja wa Maneromango, miaka 6, tundu dogo juu ya gego, atatibiwa shuleni. Mwingine wa Kibaha mjini, miaka 7, tundu limekula pande mbili, amepelekwa kliniki yenye taa na kiti. Atakayejibu "resini kwa wote, kwa sababu ina nguvu" asipewe alama zote. Aulizwe kwanza jino hilo litakaa miaka mingapi, na nani ataliweka kavu.