Salongo si kila jasho

Likitajwa salongo, mtu wa Bule au wa Bunia, huku Ituri, mashariki mwa Kongo, haulizi ujira ni kiasi gani. Anauliza saa ngapi, na aje na jembe au panga. Jina lenyewe limeshamwambia kwamba hakuna malipo, na kwamba hakuitwa peke yake, bali na majirani zake wote. Kwa hilo, salongo ni tofauti na kibarua. Kibarua kilipata jina lake kutokana na barua, kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili kazi yake ihesabiwe. Kina bei, kina tajiri, na jioni hesabu inafungwa. Salongo pia ni tofauti na kutumika, kitenzi ambacho Wakongo wa mashariki hukitumia kwa ajira. “Unatumika wapi?” maana yake ni “unafanya kazi wapi?”, ingawa Mswahili wa Mombasa angedhani anaulizwa ni nani anayemtumia.

Neno hili lilitoka katika Kilingala, ambako kosala ni kufanya na mosala ni kazi. Ituri huzungumza Kiswahili, lakini Kilingala kilifika huko pamoja na jeshi na utawala, na maneno ya amri mara nyingi hufuata njia hiyo. Katika eneo la Djugu, ambamo Bule imo, Wahema wengi na Walendu huzungumza Kilendu nyumbani. Kiswahili ndicho cha soko, kanisa na ofisi, basi salongo ikaingia humo bila kubadilisha umbo. Watu husema “leo ni salongo”, “tunafanya salongo”, “salongo yetu ya Jumamosi”.

Aliyelipa neno hili uzito wa kiserikali ni Rais Mobutu. Katika miaka ya 1970, alipokuwa akihubiri kurudi kwenye asili na nchi ikiitwa Zaire, salongo iligeuzwa wajibu wa kila raia: siku moja ya juma watu watoke wafagie, wafyeke, wazibue mitaro, watengeneze barabara. Ilisifiwa kuwa ni kazi ya upendo kwa taifa. Nyuma ya sifa hizo zilikuwako sheria. Ya tarehe 21 Mei 1976 iliwataka watu wazima wenye nguvu, ambao ajira yao haikuhesabiwa kuwa mchango, wafanye kazi za kilimo na maendeleo. Na agizo la mwezi Juni mwaka huo huo likazifunga kazi hizo na mpango wa uzalishaji wa chakula.

Mzee wa kijijini hakuhitaji kufundishwa mambo hayo. Tangu mwaka 1917 Wabelgiji walikuwa wamewalazimisha wakulima kulima mazao yaliyotajwa na serikali, siku 60 kwa mwaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mwaka 1942, zikawa 120. Machifu na makapita wao, yaani wanyapara, ndio waliopewa kazi ya kutafuta mikono, ya mashamba na ya barabara, na machimbo ya dhahabu ya Kilo na Moto nayo yalihitaji watu. Kwa hiyo jina jipya la Mobutu lilivishwa mwili wa zamani. Hapo ndipo ninapoona chanzo cha ugumu wa kulieleza neno hili: lina heshima ya ujima, ile ya watu kulimiana mashamba na kujengeana nyumba, lakini pia linabeba kumbukumbu ya kapita mwenye orodha.

Majirani zetu wana majina yao. Wanyarwanda wana umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Waganda wana bulungi bwansi, Watanzania wa Usambara na Upare wana msaragambo, na Kenya iliipandisha harambee hadi kwenye nembo ya taifa. Nalo kila neno kati ya hayo limewahi kutumiwa vizuri na vibaya. Lakini la Kongo limeteremka zaidi. Katika migodi ya Kivu, salongo imekuwa jina la siku ambayo wachimbaji wanachimba kwa ajili ya kamanda, na asiyekuja anapigwa au anatozwa. Hapo hapana mtaro wala barabara. Kuna mfuko wa mtu mmoja mwenye bunduki, aliyelichukua neno zuri ili uporaji wake usikike kama uraia.

Hatuna haja ya kumwachia neno hilo. Kiswahili kina neno shokoa, kazi ya kulazimishwa bila malipo, ambalo limo katika kamusi lakini halisikiki sana vinywani. Kina pia sulubu, kazi inayouchosha mwili kweli kweli, iwe ya hiari au si ya hiari. Mwanamke anayebeba makaa mlimani yumo katika sulubu, hata kama ni biashara yake mwenyewe. Mchimbaji wa kamanda yumo katika shokoa. Ugumu wa kazi, basi, hautoshi kulitambulisha jambo. Salongo yaweza kuwa nyepesi, nusu saa ya ufagio, na shokoa ikawa nyepesi vile vile.

Kinachozitenganisha kipo katika Mkataba wa 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, ambao Kongo iliukubali mwaka 1960. Mkataba huo unakataza kazi ya kulazimishwa, lakini unaziacha kando huduma ndogo za jumuiya, zinazofanywa na wanajumuiya kwa faida yao moja kwa moja, mradi wao au wawakilishi wao wawe na haki ya kuulizwa kama zinahitajika. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 16, nayo inakataza kumlazimisha mtu kazi.

Kuulizwa: hapo ndipo Bule inapokuwa mtihani mgumu. Eneo hilo la uchifu wa Bahema-Badjere limepokea watu wengi waliokimbia vijiji vyao. Usiku wa tarehe 1 kuamkia 2 Februari 2022, wapiganaji wa kundi la CODECO waliishambulia kambi ya wakimbizi ya Plaine Savo iliyoko huko na kuua watu takriban 60. Mkimbizi aliyepoteza shamba hana Jumamosi ya ziada; siku asiyopata kibarua katika shamba la mwingine ni siku wasiyokula watoto. Vyoo na mitaro ya kambi vinahitaji mikono, na mikono ya wanaoishi humo ndiyo iliyo karibu. Chifu au kamati ikiwaita, iwaulize kwanza wenye njaa ni siku ipi na saa ipi wanaweza, na asiyeweza asitozwe faini. Ikiwatoza, waiite shokoa mbele yake.