Mapenzi ya milimani: filamu ya Ukraine ambayo Bunyakiri ingeielewa haraka

Kijana anampenda binti wa mtu aliyemuua baba yake kwa shoka. Hivyo ndivyo inavyoanza « Vivuli vya Mababu Waliosahaulika », filamu ya Sergei Parajanov iliyotoka mwaka 1965 katika studio ya Dovzhenko, mjini Kyiv.

Wanaoonyeshwa ni Wahutsul, wafugaji wa kondoo katika milima ya Carpathia. Kwa mkaaji wa Bunyakiri, teritwari ya Kalehe, hakuna cha kushangaa sana: milima, msitu, ukungu, na koo zinazokumbuka kila deni.

Ivan anakwenda kufanya kibarua mbali. Marichka anaanguka kwenye genge akimfuata mwanakondoo, anazama mtoni. Baadaye Ivan anamuoa Palahna. Siku ya ndoa wanafungwa macho na kuwekewa nira moja, kama ng'ombe wa kulima. Mtoto hapatikani, na Palahna anaishia mikononi mwa mchawi wa kijiji. Ni rahisi kumlaumu mke, kama ilivyo desturi kwetu pia. Lakini ukiangalia vizuri, asiyekuwemo nyumbani ni mume: mwili uko mezani, moyo umebaki kwa marehemu.

Kubwa zaidi ni lugha. Wakubwa wa Umoja wa Kisovieti walitaka filamu itafsiriwe kwa Kirusi. Parajanov akakataa, ikabaki na Kihutsul chake. Katika onyesho la Kyiv tarehe 4 Septemba 1965, mwandishi Ivan Dziuba alisimama mbele ya watu kupinga kukamatwa kwa wasomi wa Ukraine. Parajanov mwenyewe alikuja kufungwa tangu 1973 hadi 1977.

Basi na Kitembo? Kinasemwa sokoni Bulambika, mashambani na kwenye matanga, lakini kijana akifungua simu anakutana na mapenzi ya Lagos na ya Kinshasa. Vita na barabara mbovu ya kupitia msitu wa Kahuzi-Biega vimefanya Bunyakiri ijulikane kwa habari za wakimbizi tu, si kwa namna watu wake wanavyochumbiana.

Parajanov hakuchukua waigizaji wa mjini peke yao. Alikwenda Kryvorivnia, akawaweka wanakijiji mbele ya kamera wakiwa na nguo zao, tarumbeta zao ndefu na nyimbo zao za maziko. Wazee wanaojua nyimbo za Kitembo wangali hai.