Wekundu wa Miombo Haungoji Mvua

Ukitoka Mbeya kwenda Chunya mwezi wa Septemba au Oktoba, ukishashuka upande wa pili wa milima, utakuta misitu ya miombo imevaa rangi ya divai, shaba na waridi. Aliyezoea picha za Ulaya atadhani majani yanazeeka. Sivyo, ndiyo kwanza yanazaliwa.

Miombo, yaani miti ya jamii ya Brachystegia na Julbernardia, hupukutisha majani kiangazi, kisha huchipua wiki kadhaa kabla ya mvua kwa maji na akiba iliyomo mwilini na mizizini. Jani changa huwa na rangi iitwayo anthosaianini, ambayo wataalamu huiona kama kinga dhidi ya jua kali wakati klorofili bado haijajaa. Ikijaa, wekundu hufifia na jani huwa kijani.

Anayetaka kuupiga picha wekundu huu hukutana na shida tatu. Ya kwanza ni hewa. Wekundu huja mwishoni mwa kiangazi, wakati wa vumbi na moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa. Mlima wa mbali hubaki kivuli cha kijivu. Mvua ya kwanza husafisha hewa, lakini ikifika, majani mengi yameshageuka. Rangi na hewa safi hukutana kwa nadra.

Kwa hiyo achana na mandhari ya mbali, usogelee tawi moja. Majani yake machanga hulegea na kuning'inia kama nguo iliyoanikwa. Ukipiga jua likiwa mgongoni mwako, yatameremeta na rangi itapauka. Zunguka upande wa pili, jua lipenye jani, na kila mshipa utaonekana. Kama huna nafasi ya kuzunguka, funga filta ya polaraiza, uizungushe polepole hadi mng'ao upungue. Wahi asubuhi, kabla upepo haujaanza kutikisa matawi.

Shida ya pili ni kamera yenyewe. Ikiachwa ijipangie rangi, ikiona wekundu umejaa kwenye fremu hudhani kuna kosa, ikaupoza. Ipangie rangi ya mwanga wa jua. Pia rangi nyekundu hufurika kabla ya nyingine: grafu ya jumla ya mwanga kwenye kamera inaonyesha salama, kumbe jani limekuwa doa lisilo na mishipa. Kagua grafu ya kila rangi, na ushushe mwanga kama theluthi mbili za stopu. Mwenye simu aguse jani kwenye kioo, kisha ateremshe mwanga kwa kidole.

Shida ya tatu ni ratiba, maana miti haina kalenda moja. Myombo mmoja umeshakuwa kijani, jirani yake bado ni divai. Tena si kila mahali mabadiliko haya huonekana. Upande wa Iringa, anayepita barabara kuu huona misonobari ya Sao Hill, na akiingia Mufindi huona chai. Vyote ni kijani mwaka mzima, naye huondoka akidhani misitu ya huku haibadiliki rangi. Aliyeacha lami na kuingia msitu wa asili ndiye anayeujua wekundu huu.

Basi ukiona tawi jekundu, simamisha gari siku hiyohiyo. Ukisema utalipiga wakati wa kurudi, utalikuta kijani.