Waislamu Niliowaona New York

Karibu kila nyumba ya pwani ina mtoto, shemeji au jirani aliyehamia Marekani, na kila atajwapo, kina mama huuliza: dini yake imesalimika? Nilipojaaliwa kuzuru New York mwezi wa Juni, swali hilo ndilo nililosafiri nalo. Majengo marefu yapo, na ni marefu kweli, hayo yatosha.

Kilichonishughulisha kwanza ni jua. Kwetu Magharibi huingia saa kumi na mbili na dakika zake, iwe kaskazi au kusi. Kule, mwezi wa Juni, jua hutua saa mbili na nusu usiku. Isha huja saa nne zimepita, na saa kumi hazijatimia Alfajiri imekwisha ingia. Mama mwenye watoto wa shule atalala lini? Disemba mambo hupinduka: jua hutua saa kumi na nusu, na Alasiri humkuta mtoto angali darasani. Mwenyeji wangu, mama wa Kilamu, amebandika nyakati za swala mlangoni mwa friji, na bintiye hutia mswala mwembamba ndani ya mkoba wa vitabu.

Kibla pia si kama chetu. Sisi huelekea kaskazini, wao kaskazini mashariki. Msikiti mkubwa wa mtaa wa 96, uliofunguliwa mwaka 1991, umejengwa ukiwa umekengeuka msitari wa barabara ili uikabili Al-Kaaba, ilhali majengo jirani yote yamefuata barabara. Nilisimama ng'ambo nikautazama kwa muda mrefu.

Msidhani mambo haya huja bure. Kwa miaka mingi mtoto wa Kiislamu alilazimika kuchagua baina ya swala ya Idd na masomo. Wazazi walidai bila kuchoka, hata mwaka 2015 Meya Bill de Blasio akatangaza kuwa shule za serikali, zilizokuwa na wanafunzi zaidi ya 1,000,000, zitafungwa siku za Idd zote mbili. Mwaka 2023 Meya Eric Adams akatangaza kuwa misikiti yaweza kuadhini kwa kipaza sauti siku ya Ijumaa, na Magharibi ya Ramadhani, bila kuomba kibali. Nami huamshwa na adhana za misikiti mitatu, na baadhi yetu hunung'unika!

Nyumbani kwa mwenyeji wangu baba huendesha teksi usiku, mama hufanya kazi mchana, hukutana mlangoni. Binti, mwenye miaka kumi na mmoja, hujibu Kiswahili kwa Kiingereza. Lakini saa kumi jioni hujifunga mtandio, akaketi mbele ya simu. Mwalimu wake yuko Mombasa, ambako wakati huo ni saa tano usiku. Nilimsikia mwalimu akipiga miayo, binti akacheka, kisha akarudishwa kwenye aya aliyokosea, mara ya nne.