Tanga si uchawi tu: Mwanao anajua kuhusu watoto wa Korogwe?

Mtoto aliyekulia Raskazone akipangiwa shule ya bweni Mbeya au Dodoma, hachukui wiki kabla ya kupewa jina. Akifaulu, kaja na hirizi. Mwenzake akiugua, macho yote kwake. Akiwa msichana, anaulizwa mafunzo ya kungwi. Ni utani tu, wanasema. Tanga ni mahaba, uchawi na uvivu.

Utani ni sehemu ya maisha yetu. Lakini huu wa uchawi una gharama, na anayelipa mara nyingi ni mtoto mgonjwa.

Chukua degedege. Mtoto mwenye homa kali anakakamaa, macho yanageuka, mwili unatetemeka. Imani kwamba hilo ni shetani au mkono wa mtu haiko Tanga peke yake. Iko pwani nzima, hata bara. Ila mji ukishaitwa wa wachawi, jirani hakosi la kusema: "Hapa Tanga, ulitegemea nini?" Safari ya kwanza inakuwa kwa mganga. Kama chanzo ni malaria kali, saa zinazopotea huko zinaweza kuchukua uhai.

Sasa tazama upande usiotajwa kwenye utani. Kati ya mwaka 2009 na 2014, chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa kwa zaidi ya watoto 15,000 katika nchi saba za Afrika. Kwa Tanzania vituo vilikuwa viwili: Bagamoyo na Korogwe, mkoani Tanga.

Wazazi wa Korogwe walikubali watoto wao wachomwe sindano, watolewe damu na kufuatiliwa kwa miaka. Miongoni mwa walioanza wakiwa na miezi mitano hadi 17 na kumaliza dozi nne, malaria ilipungua kwa takriban theluthi moja. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani (WHO) likaipendekeza, ikiwa chanjo ya kwanza ya malaria kufikia hatua hiyo.

Hao ndio watu wa Tanga. Mkoa wao pia una kituo cha utafiti cha Amani, Muheza, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na ndiko alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909.

Mzazi wa Tanga, mpe mwanao habari hizi kabla hajapanda basi, awe na la kujibu. Mzazi wa kwingine, ukimsikia wako akimwita mwenzake mchawi, usicheke, mkanye.

Na popote ulipo, mtoto akipata degedege mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni, kisha mwahishe kituo cha afya kilicho karibu. Maswali ya nani kafanya nini yasubiri.